Chiriku na Picha Inayosikia

Wifi yangu aliitwa Chiriku tangu darasa la kwanza, na jina hilo halikudondoka kutoka hewani. Alikuwa akianza kusimulia jambo mkienda shuleni, mkirudi bado yuko kwenye utangulizi. Mimi nilipoolewa na kaka yake nilimkuta ameshakuwa mtu mzima, lakini mdomo ulikuwa uleule, na kazi aliyoipata ilimfaa kama kiatu cha kupimiwa: alikaa mapokezi katika kliniki ya meno. Watu wanaoingia pale huwa wameshika shavu, hawana la kusema, basi yeye alikuwa akisema kwa niaba yao.

Tuliishi pamoja nyumbani kwa mama mkwe, mimi na mume wangu chumba cha mbele, Chiriku chumba cha nyuma. Daktari aliponunua kompyuta mpya ya kliniki alimwachia ile laptopu ya zamani, yenye kibonye kimoja kilichong'oka, na toka siku hiyo tukawa tunamwona wakati wa kula tu. Mama mkwe akaingiwa na wasiwasi.

"Huyu mwenzenu anafanya nini humo ndani?"

"Anaandika kodi, mama," mume wangu akamjibu.

"Kodi gani? Kodi ya nyumba hii nalipa mwenyewe!"

"Si hiyo. Kodi ya kompyuta."

"Na kompyuta nayo imepanga hapa?"

Ilibidi Chiriku mwenyewe atoke aeleze. Kodi hiyo, alisema, ni maagizo unayoiandikia kompyuta mstari baada ya mstari: chora duara hapa, lisogeze kidogo, libadilishe rangi, rudia. Alikuwa anajifunza kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Duara lake la kwanza alituita wote tuje tulitazame. Tukalitazama. Lilikuwa duara.

Baadaye akajifunza kuiachia kompyuta ijichagulie. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kupotea. Alisema huiambii mstari uende wapi. Unaiambia irushe nambari kama mtu arushavyo dadu, na nambari itakayotoka ndiyo iamue mstari uende kulia au kushoto, uwe wa bluu au wa zambarau, na noti ya muziki ipande au ishuke. Kila akiiwasha ilitoka picha nyingine na mlio mwingine. Siku moja ilitoka picha kama nyasi zinazolala kwa upepo, na muziki wake ulikuwa kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko huku akiwaza mbali. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu nikashindwa kuondoka.

"Nani kachora?" nikamwuliza.

"Mimi."

"Lakini hukujua itatoka hivi."

"Sikujua."

"Basi kachora kompyuta."

"Wifi, kompyuta haijui hata kama hapo kuna picha."

Nilikwenda na ndoo yangu uani nikiwa sijui nimejibiwa au nimekatwa kauli.

Sasa, pale kliniki kulikuwa na chumba cha kusubiria chenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, hata mmoja akitikisa mguu wote mnatikisika. Feni ya dari ilikuwa na mguno wake. Mlango wa chumba cha matibabu haukufunga vizuri, kwa hiyo mashine ya Daktari ya kutobolea jino ilisikika hadi barabarani, na barabarani nako kulikuwa na mchomelea vyuma aliyekuwa akiijibu. Ukutani palikuwa na televisheni iliyoonyesha mieleka kutwa nzima, mpaka siku king'amuzi kilipoungua.

Daktari, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alisema ni afadhali. Mtu anayekuja kung'olewa jino hana haja ya kuona mwenzake akibamizwa chini. "Nataka kitu cha kuwatuliza," alimwambia Chiriku. "Samaki samaki hivi, wanaogelea."

Chiriku akamwomba ampe nafasi atengeneze kitu chake mwenyewe.

Alichotengeneza ni hiki. Kwenye kioo cha televisheni ulikuwa unaota mti, au kitu mfano wa mti, polepole, kutoka chini kwenda juu. Kompyuta iliyokuwa chini ya meza yake aliichomekea kipaza sauti kidogo, kile cha kubana kwenye kola ya shati, akakibandika ukutani. Sauti kubwa chumbani, tawi jipya linapasuka kutoka kwenye shina. Sauti laini, linachipua jani. Mlio mkali, kama ule wa mashine ya Daktari, unatoa uzi mwekundu unaojisokota kwenye shina. Na kila kinachoota kilitoa noti yake, taratibu, kwenye spika ndogo. Siku ya kwanza Daktari alipiga makofi mara moja mbele ya kioo, tawi likapasuka paa! Akapiga tena, likapasuka jingine. Akatabasamu, jambo ambalo kwake ni kama hotuba, akarudi kwa wagonjwa wake.

Picha ile ilipendwa kuliko ilivyotegemewa. Watu walianza kuzungumza nayo. Mama akimbembeleza mtoto anageuka kuangalia jani lake. Mtu akipiga chafya, wenzake wanasema "afya!" huku macho yako kwenye kioo kuona imetoa nini. Aliyeko ndani akipiga ukelele, uzi mwekundu ukapita, basi chumba kizima kinauambia uzi "pole!" Hata Fundi, mtengenezaji wa meno bandia aliyekuwa na kijichumba chake nyuma, mtu wa mizaha, alikuwa akitoka na aproni yake yenye plasta kuja kuiimbia picha, kisha anawauliza watu wampe alama.

Lakini aliyeishika kikamilifu alikuwa Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja kutengenezewa meno ya juu, na kwa vile meno hayo yalimkataa mara kwa mara, yakirudi kwa Fundi kusuguliwa, yeye akawa kama mfanyakazi wa pale. Alikaa kiti cha mbele na fimbo yake mapajani, akiwafundisha wageni.

"Kaeni kimya kidogo," alisema. "Sasa nitakohoa. Koho! Koho! Mmeona? Kikohozi changu kinatoka upande wa kushoto. Cha mwingine kinakwenda kulia. Changu mimi ni kushoto siku zote."

Na watu waliona. Chiriku aliona pia. Alirudi nyumbani kutusimulia jinsi kila mtu alivyokuwa na alama yake: mwenye sauti nzito, majani mapana; mwenye wasiwasi, vitawi vingi vifupi. Alikuwa anasema haya mikono ikiruka hewani, chai inapoa, na mama mkwe, ambaye hakuwa ameelewa tangu ile kodi ya kwanza, akiitikia "eeh, eeh" kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine.

Basi asubuhi moja alikuwa anatafuta pini za stepla. Akavuta droo ya chini kabisa, ile ya vikorokoro, akapekua betri zilizokufa, funguo zisizo na kufuli, na bomba la gundi lililokauka. Chini yake akakuta waya mweusi uliozungushwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Akauinua. Kilikuwa kipaza sauti. Kilikuwa na tone la rangi ya ukuta, limekauka.

Mbele yake Mwalimu akakohoa. Kwenye kioo tawi likapasuka, upande wa kushoto.

"Mmeona?" Mwalimu akawaambia watu.

Chiriku alinieleza baadaye kwamba alijisikia kama mtu aliyezungumza na simu sikioni kwa kirefu, kacheka, kaaga, kisha akakumbuka kwamba simu yenyewe iko chumba kingine inachaji. Aliinama chini ya meza akatazama nyuma ya kompyuta. Tundu la kipaza sauti lilikuwa tupu, na buibui mdogo alishaanza kujenga pale. Juu, mti ulikuwa unaendelea kuota. Mtoto akalia, jani likachipua.

Akamwita dada wa usafi, akamwonyesha waya.

"Ah, hicho," yule dada akasema. "Nilikitoa waliponipa kazi ya kufunika vitu wakati wa kupaka rangi ukuta. Nikakuwekea kisije kikachafuka. Kwani ulikuwa unakitafuta?"

"Walipaka rangi lini?"

"Si wakati ule, kabla ya mvua."

Kabla ya mvua. Na mvua zilikuwa zimeshakwisha, na Mwalimu alianza kuja mvua zikinyesha, maana Chiriku alikumbuka mwavuli wake ulivyolowanisha sakafu. Yaani tangu mzee wa watu aanze kukohoa mbele ya kile kioo, hakijawahi kumsikia hata mara moja.

Saa ya mapumziko hakula. Alifungua maagizo yake akayasoma mstari kwa mstari, kama mtu anayepekua mifuko ya koti lake mwenyewe, na akakuta alichokiweka kwa mikono yake siku za mwanzo. Wakati ule alikuwa anafanya majaribio nyumbani, bila kipaza sauti, na picha ilikuwa inaganda kila mara. Kwa hiyo aliandika kwamba kompyuta isiposikia kitu chochote, irushe tu nambari zake na iendelee. Na ndivyo ilivyokuwa imefanya. Hakukuwa na kosa lolote. Ilitii.

Jioni alikuja moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akashika tama. Sikuwahi kumwona Chiriku akiwa kimya. Nikadhani kuna msiba.

"Wifi," alisema mwishowe, "mimi mwenyewe nilikuwa nawaona. Kila mtu na majani yake. Niliwaona kwa macho yangu haya."

"Labda ilikuwa inatokea tu."

"Kila siku?"

"Kwani mti si ulikuwa unaota muda wote? Na watu si walikuwa wanakohoa muda wote?"

Akanitazama kama niliyemtukana, kisha kama niliyemwokoa, kisha tena kama niliyemtukana. "Sasa nilichowaonyesha ni nini?" akauliza. Nilikuwa nakata vitunguu, na kwa bahati nzuri machozi yangu yalikuwa na sababu nyingine.

Asubuhi alikwenda mapema, akachomeka kipaza sauti mahali pake. Alijiambia kwamba hakuna lililoharibika: picha sasa itasikia kweli, mambo yatakuwa kama yalivyodhaniwa, na hakuna atakayejua. Akawasha.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Siku zile za kwanza kabisa, feni ilikuwa haijaanza kuguna vibaya kiasi kile, na yule mchomelea vyuma alikuwa hajahamia upande wa kliniki. Sasa kipaza sauti kilisikia kila kitu. Kilisikia feni, kikaotesha kichaka. Kilisikia pikipiki, kilisikia vyuma, kilisikia jenereta la jirani. Mashine ya Daktari ilipoanza, kioo kizima kikajaa nyuzi nyekundu zilizosokotana kama sufu iliyochezewa na paka, na spika ikatoa noti zote kwa pamoja hata mtoto mmoja akaziba masikio. Katikati ya vurugu hiyo Mwalimu alikohoa, na kikohozi chake, ambacho kwa mara ya kwanza kilikuwa kimesikiwa kweli, kikapotea kichakani.

Akakohoa tena. Akaegemea mbele na fimbo yake.

"Binti," alimwita Chiriku, "mbona leo haisikii?"

Chiriku akainama akapunguza sauti ya spika.

Mchana, Daktari akatoka akiwa bado amevaa glavu. "Wagonjwa wananiambia picha imeharibika."

"Haijaharibika, Daktari. Ilikuwa imeharibika. Sasa imetengenezeka."

"Ilikuwa imeharibika lini?"

"Ilipokuwa nzuri."

Daktari akavua glavu moja. Chiriku akamweleza yote, na safari hii, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, alieleza kwa kifupi.

"Ngoja," Daktari akasema. "Wakati ule ilikuwa inasikia, au haisikii?"

"Ilikuwa haisikii."

"Na sasa?"

"Inasikia."

"Basi irudishe isisikie."

"Lakini watu wanaamini inawasikia!"

Daktari akafikiri kidogo huku akiikunjakunja ile glavu. "Mimi nawaambia haitauma," alisema, kisha akaonekana kushangaa alilolisema, akarudi ndani.

Chiriku hakujua ashike lipi aache lipi. Alipokwenda kwa Fundi kuomba ushauri, Fundi akamcheka. "Meno yangu nayo si meno. Ni unga na rangi. Lakini watu wanatafunia."

"Lakini hawasemi kwamba yameota kinywani mwao."

"Hawasemi? Kila siku nasikia, 'jamani, meno yangu yako wapi?' Hakuna anayeuliza, 'meno ya Fundi yako wapi?'"

Hilo nalo likamzidishia. Kwa siku kadhaa alijaribu kuchanganya: nusu kipaza sauti, nusu nambari za kurusha. Akapunguza mlio wa feni, akaongeza wa sauti za watu, akabadilisha hapa, akarudisha pale, mpaka akafika mahali ambapo tawi likipasuka hakuweza tena kusema ni chafya ya mtu au ni dadu. Aliniambia ilimtisha. Kitu amekiandika mwenyewe, kila neno, na akikiuliza swali dogo namna hiyo hakina jibu la kumpa.

Mwishowe akaamua kusema kweli. Alichomoa kipaza sauti, mti ukarudi kuota kwa utulivu wake wa zamani, na chumba kikatulia. Kisha akatoka nyuma ya meza yake, akasimama mbele ya Mwalimu na wagonjwa wengine waliokuwapo, akawaambia. Picha hii haisikii. Haikuwasikia toka kabla ya mvua. Inachora kwa nambari za kubahatisha. Waya wake huu hapa, akauinua, na anaomba radhi.

Mwalimu alikuwa ameyapata meno yake siku hiyohiyo, na yalimfanya aonekane mkali kuliko kawaida.

"Unataka kuniambia," alisema polepole, kwa sababu meno yalikuwa mageni, "kwamba kile kikohozi hakikuwa changu?"

"Kikohozi kilikuwa chako, Mwalimu. Tawi ndilo halikuwa lako."

"Lilikuwa la nani?"

"Halikuwa la mtu yeyote."

Mwalimu akageukia kioo. Chiriku alifikiri ataondoka kwa hasira, au atacheka, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Mzee akajikohoza, kikohozi kidogo cha kujaribu. Tawi likapasuka. Lilikwenda kulia.

"Hivi sasa ndiyo imekosea," akasema, akanyanyuka na fimbo yake, akaaga watu wote kwa heshima, na hakuonekana tena, kwa sababu meno yale hatimaye yalimkubali. Chiriku hakujua alikuwa anatania au la. Aliyarudia maneno hayo nyumbani akiiga sauti ile ya meno mapya, mara kwa namna ya mzaha, mara kwa namna ya huzuni, akituuliza ipi ilifanana zaidi, na sisi hatukuwahi kumwona Mwalimu.

Waliobaki hawakumwamini. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba alimpungia mkono. "Inasikia, mdogo wangu, inajifanya tu. Hata mume wangu yuko hivyohivyo." Wengine waliokuja baadaye hawakuwa wamesikia tangazo, na Chiriku alilazimika kulitoa upya kila siku, na kila siku walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakageuka kupiga makofi mbele ya kioo. Ikafika mahali akachoka. Akiulizwa anasema, "Haisikii." Akiambiwa, "Mbona hii hapa imenisikia?" anasema, "Basi sawa," na kuendelea kuandika majina.

Mimi nilikwenda pale jino langu la gego liliponitesa. Sikuwa na haja ya kuelezwa chochote. Nilikuwa nimesimuliwa mkasa mzima jikoni kwangu, kwa vituo vyote. Nilikaa kiti cha mwisho, viti vikatikisika, nikatazama ule mti. Ulikuwa mzuri kweli, mzuri kuliko nilivyoufikiria. Jino likanichoma hadi sikioni, nikaguna, "Mmh!"

Uzi mwekundu ukatoka chini, ukapanda polepole, ukajizungusha kwenye shina mara moja, ukasimama. Noti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliyesema "mmh" pamoja nami.

Niligeuka kumtazama Chiriku kule nyuma ya meza. Na yeye alikuwa anautazama uleule uzi.

"Wifi," nikamwita, nimeshika shavu. "Una uhakika haisikii?"

Akainama akachungulia chini ya meza, nyuma ya kompyuta, akakaa huko kitambo. Alipoinuka nywele zilikuwa na utando wa buibui wa lile tundu tupu.

"Nilikuwa nao," akasema, na Daktari akaniita ndani.